Mama Alisema Karibuni

Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mtu mmoja alibisha hodi kwenye mlango wa fundi cherehani, na fundi akajibu, "Karibuni."

Aliyeingia alikuwa binti yake. Alikuwa na begi moja la magurudumu na koti la sufi mkononi. Alikuwa amesafiri saa ishirini na sita kutoka chuo cha nchi ya mbali, na hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu aende. Muhula ulikuwa wa wiki kumi na moja.

Walikumbatiana mlangoni. Binti akasema amechoka. Mama akasema hata yeye amechoka, ana sare za shule sabini na mbili za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Wakacheka. Ndivyo walivyokuwa wakisalimiana kwenye simu kila Jumapili, mmoja akitaja uchovu wake na mwingine akijibu kwa wake, kama watu wanaolinganisha mizigo.

Mama akaenda jikoni akamimina chai. Aliporudi na sinia, binti aliangalia vikombe. Vilikuwa vitatu.

"Kuna nani mwingine?"

Mama akaangalia sinia. Akasema basi uzee umeshabisha hodi. Akanywa vikombe viwili.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Sebuleni, chini ya dirisha, ndipo ilipokaa cherehani, ya kukanyaga kwa miguu, na pembeni yake meza ya kupigia pasi na kioo kirefu cha wateja. Upande wa pili wa ukuta aliishi nesi mstaafu, mwanamke ambaye kila mtu mtaani alikuwa ameshadungwa naye sindano. Baba wa binti alifariki binti akiwa darasa la tano. Tangu hapo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na kwa wiki kumi na moja ilikuwa ya mmoja.

Siku hiyo binti alilala saa sita mchana, usingizi wa pono, akaamka Jumapili saa tatu asubuhi. Alisema hajapumzika. Jumatatu ikawa hivyohivyo. Kufikia Jumatano hata mama alikuwa anakaa kwenye cherehani asubuhi kama mtu aliyetoka kulima. Alishona mfuko akaufunga mdomo. Alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, akaufumua, akaurudisha palepale. Alikuwa na kawaida ya kumaliza sare sita kwa siku. Sasa zilikuwa tatu.

Harufu ilianza siku ya pili. Ilikuwa harufu ya sufi iliyoloa, kama ya koti lililovuliwa mvuani likaachwa nyuma ya mlango. Ulikuwa msimu wa joto na mvua haikuwa imenyesha kwa mwezi mzima. Mama alishika koti la binti, akalikuta kavu. Akalitundika nje kwenye kamba. Harufu ikabaki ndani. Akalifua, akalianika, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akampelekea nesi amtunzie. Nesi alilinusa, akasema halinuki kitu ila sabuni.

Nesi huyohuyo ndiye aliyempeleka binti zahanati. Damu ilipimwa, haikuwa na malaria wala upungufu. Presha ilikuwa sawa. Jumatano hiyo sauti ya binti ilikuwa imeanza kukwaruza, kwa hiyo nesi alimfungua mdomo akammulika kooni na tochi. Koo lilikuwa safi.

"Huyu amekula baridi miezi mitatu," alimwambia mama. "Mwache ayeyuke."

Mama alitaka kucheka, lakini alikuwa anaifikiria barua ya ufadhili wa masomo ya binti. Aliijua kwa kichwa. Jumanne ya kwanza baada ya likizo, binti alitakiwa kusimama mbele ya walimu watatu na kuieleza kazi yake ya muhula kwa mdomo. Asiyefaulu hapo anarudi kwao. Likizo ilikuwa ya wiki tatu, na wiki moja ilikuwa inakaribia kwisha.

Alhamisi, wakianua nguo kila mtu upande wake wa ua, nesi alizungumza bila kuinua macho.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naona mmepona. Jana mchana mmecheka mpaka nikashindwa kujipumzisha."

Mama aliuliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa nane. Saa tisa. Na wewe ulikuwa unashona huku unacheka, maana niliisikia cherehani."

Jumatano kuanzia saa saba hadi saa kumi mama alikuwa shuleni, anapeleka sare kumi na nane za mwanzo. Mwalimu mkuu alimtilia saini daftarini. Mama alimwambia nesi hivyo. Nesi akasema basi binti anacheka usingizini, wapo watu wa namna hiyo, aliwaona wengi wodini.

"Na kushona usingizini, uliwaona?" mama akauliza.

Nesi alikunja shuka lake mara nne, akaingia ndani.

Ijumaa saa nane kasorobo mama alifunga furushi la vitambaa vilivyobaki, akamuaga binti kwa sauti, akatoka. Alitembea mpaka kona ya kinyozi. Akasimama hapo akahesabu hadi mia tatu, kisha akarudi kwa njia ya nyuma.

Kutoka uani alisikia cherehani. Alijua mwendo wa mguu wake mwenyewe, na huo haukuwa wake wala wa binti, ambaye hakuwahi kujifunza kushona hata pindo, ulikuwa mwendo usiosita, usiopumzika mwisho wa mshono kama mguu wa mtu unavyopumzika ili mkono ugeuze kitambaa, na juu ya mlio huo kulikuwa na sauti ya binti yake, iliyo nzima, isiyokwaruza, ikiongea chinichini na kucheka, na mama alipousukuma mlango wa nyuma akapita jikoni akafika sebuleni hakukuwa na mtu kwenye kiti, ila gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka, likipunguza mwendo, na uzi wote wa bobini ulikuwa umekwisha na sindano ilikuwa imetoboa kitambaa kitupu mstari kwa mstari, na harufu ya sufi iliyoloa ilikuwa nzito kiasi kwamba aliionja mdomoni, na alipogeuka kwenda chumbani akamwona binti amelala chali kitandani, midomo inacheza bila kutoa sauti, na wakati huohuo, kutoka jikoni alikotoka yeye sasa hivi, sauti ya binti yake ikamuuliza, "Umerudi, mama?"

Mama hakuitika. Alikaa kitandani akamshika binti mkono mpaka akaamka. Binti alijaribu kusema kitu. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Alichokuja kueleza baadaye, nyumbani kwa nesi, kwa mnong'ono uliokatikakatika, kilikuwa kifupi. Huko chuoni aliishi ghorofa ya tatu, kwenye ukumbi wa milango kumi na minne. Huko mtu akikutaka anakuandikia kwenye simu. Hakuna anayebisha wala anayeita. Wiki ya tisa, Jumapili alasiri, giza likiwa limeshaingia kama kawaida ya huko, alikuwa amekaa na koti mwilini anasubiri saa ya kumpigia mama. Hakuwa amezungumza na mtu kwa mdomo tangu Ijumaa. Mtu akasema mlangoni, "Hodi."

Kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mtu wa nyumbani.

"Ukajibu," mama alisema.

Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Alisema mara ngapi?"

Binti akainua kidole kimoja.

Mama alifunga macho. Alikuwa amemfundisha akiwa na miaka minne, kama yeye alivyofundishwa na mama yake. Hodi ni tatu. Mtu asipojibiwa hurudia, kwa sababu mtu ana shida iliyomleta. Kisicho mtu hakirudii. Kinasema mara moja na kungoja neno lako, nawe unakaa kimya, si kwa ukali bali kwa kujilinda.

"Nilijua," binti alinong'ona. "Nilikuwa nimechoka. Nilifurahi."

Alikuwa amefungua mlango. Ukumbini hakukuwa na mtu, ila taa za huko, ambazo huwaka mtu anapopita, zilikuwa zimewaka zote kumi na nne. Alirudi ndani akafunga. Tangu siku hiyo chumba kikanuka mvua, na tangu siku hiyo hakulala usingizi uliomtosha.

Hapo ndipo mama alipowaambia kuhusu Jumamosi. Alisema aliposikia hodi alikuwa ameinamia sindano. Alisikia sauti mbili, moja nyembamba, nyingine nyuma yake kidogo, kama watu waliofika pamoja. Akajibu watu wawili.

Nesi aliwaangalia wote kwa zamu. Akasema yeye hana dawa ya hilo, ila anamjua fundi saa.

Fundi saa alikuwa na kibanda kati ya muuza viatu na mchonga funguo. Alifanya kazi na kioo kimoja jichoni, na alizungumza bila kukitoa. Mama alipomaliza kueleza, alisema yeye anatengeneza saa, hayo mengine watu humletea tu. Aliuliza maswali matatu: nani alijibu hodi ya kwanza, nani alijibu ya pili, na kwa neno gani hasa. Mama alipotaja neno, kile kioo kilitoka jichoni.

"Karibuni," alirudia.

Alifika nyumbani Jumanne saa tisa alasiri, na mkoba wa koleo na bisibisi kwa sababu alikuwa anatoka kazini. Hakuingia. Aliwaambia mama na binti watoke nje wasimame nyuma yake, na mlango ufungwe. Nesi alikuwa dirishani kwake, na ndiye aliyeangalia saa. Mtaa ulikuwa na jua kali. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao.

Fundi saa alisema, "Hodi." Mara moja, bila kupaza sauti.

Ndani, sauti ya binti ikajibu, "Karibu."

Binti alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, mkono umemziba mdomo.

Fundi saa hakugusa mlango. Alimwomba binti aende kwa nesi akanywe maji. Kisha alikaa kwenye ngazi, na mama akakaa kando yake, na kwa muda walionekana kama wazee wawili wanaosubiri usafiri.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Alibisha, akakaribishwa mara mbili. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Huagwa."

Mama aliuliza anamuaga vipi.

"Siku anayosafiri binti. Hawa hushika neno kama karani, neno kwa neno. Ukisema kwaherini, wanaondoka wawili. Ukisema kwaheri, anaondoka mmoja, na sauti yake."

"Na mwingine?"

"Mwingine utamwambia akae."

Mama aliangalia mikono yake. Aliuliza kama hakuna njia ya tatu, ya kumfanya aende kwingine kabisa.

"Wapo watakaokwambia ipo. Mimi nimechoka kudanganya watu, mama."

Nesi, aliyekuwa anasikiliza, anasema hapo mama alicheka kidogo. Alisema miaka thelathini sebule yake haijakosa mgeni. Alisema yeye kukesha amezoea, mtoto ndiye hajazoea. Fundi saa alinyanyuka, akafuta vumbi la suruali.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe. Mpe kazi. Wengi kazi huwachosha wakaondoka."

"Na wengine?"

"Wengine huizoea."

Mama aliomba binti asiambiwe. Binti aliambiwa kwamba mzee ameshamaliza, kwamba kilichobaki ni kuagana vizuri, na kwamba sauti itarudi njiani. Aliamini, au alikuwa amechoka mno kuuliza.

Tatizo la mama lilikuwa ulimi. Wateja wake walikuja na watoto, na dada zao, na majirani wa kuwapa ushauri mbele ya kioo, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amewaaga wote kwa neno moja, kwaherini, hata aliyekuja peke yake. Lilikuwa limekwisha kuwa kama kikohozi. Kwa siku kumi na moja zilizobaki alijifunza kuliacha. Alikuwa anakanyaga cherehani akirudia chini ya pumzi, kwaheri, kwaheri, neno moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mara tatu au nne nesi alimsikia upande wa pili wa ukuta akikosea, akinyamaza, akianza upya. Mara moja, alipokosea, sauti nyingine ilimalizia pamoja naye ile silabi ya mwisho, taratibu, kama mtu anayemkumbusha.

Binti alisafiri Jumamosi. Teksi ilifika saa moja asubuhi. Dereva alilipakia begi. Nesi alirudisha koti usiku wa kuamkia siku hiyo na asubuhi hakutoka, kwa maana aliogopa kuongeza mtu kwenye hesabu ya mlangoni. Alisimama nyuma ya pazia.

Anachoeleza ni hiki. Mama alimkumbatia binti kwa muda mrefu, akamshika mabega, akamgeuza akampitisha kizingiti kwa mikono yake miwili, yeye mwenyewe akabaki ndani. Binti alimtazama akisubiri, hana sauti ya kuanza yeye. Mama alifungua mdomo, na uso wake ukawa wa mtu anayenyanyua kitu kinachomzidi, na nyuma yake, gizani sebuleni, gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa mwendo ule wa siku zote wa neno kwa neno, likimvuta kuelekea mwisho aliouzoea, na harufu ya sufi ikapita dirishani mpaka kwa nesi, na mama akasema, "Kwaheri, mwanangu," kwaheri ikaanza kurefuka mdomoni hata baada ya kwisha, na akaufunga mdomo kwa nguvu kiasi kwamba nesi alisikia meno.

Gurudumu likasimama.

Mama akageuza kichwa nyuma. "Wewe karibu," alisema. "Kaa."

Binti alitembea hadi kwenye teksi. Alipofika mlangoni mwa gari alikohoa. Akagusa koo. Akageuka kuitazama nyumba, mahali mama yake aliposimama, na akakaa akitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, nzima, iliyofika mpaka kwa nesi:

"Kwaherini."

Mlangoni alikuwa amesimama mama peke yake.

Dereva alikuja kueleza baadaye kwamba alimuuliza abiria wake nani mwingine yumo nyumbani. Binti alilia hadi uwanja wa ndege, kwa sauti kubwa, na dereva alimwacha.

Gari lilipoondoka nesi alivuka ua. Alimkuta mama amekaa kwenye kiti cha wateja, damu imemjaa mdomoni. Alikuwa ameuuma ulimi ukapasuka kando. Nesi alimsukutulisha maji ya chumvi, akamwambia asiongee siku mbili. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba hiyo haina shida.

Jumapili hakushona. Jumatatu, siku ya tatu, saa saba mchana, aliweka kwenye meza sare kumi na tisa zilizokuwa zimekatwa na hazijashonwa, akajaza bobini zote alizokuwa nazo, akaacha kiti kimevutwa nyuma. Akaenda chumbani akalala. Nesi alisikia cherehani mchana kutwa, na usiku, hadi alfajiri.

Jumanne asubuhi sare kumi na tisa zilikuwa zimekunjwa. Mwalimu mkuu alizikagua na kusema mishono imenyooka kuliko ya zile za mwanzo. Mama alimwambia nesi kwamba amelala vizuri.

Siku hiyohiyo, kwenye chumba cha mtihani cha chuo cha nchi ya mbali, binti alitia saini karatasi ya mahudhurio na kusimama mbele ya walimu watatu. Alizungumza dakika ishirini na mbili. Mwalimu mmoja alimwomba apunguze sauti. Alifaulu.

Wakati akizungumza, huku nyumbani ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nesi alitoka kwake na gauni la kupunguza kiuno, akafika mlangoni kwa fundi, akasema hodi.

Zilijibu sauti mbili.